Waranti ya Subaru used: nilitaka kuinunua, nikaisoma kwanza

Nilipotea kidogo hapa, kisa ni gari. Wengine mmeshaniona nalo pale mjini, Subaru Forester ya bluu yenye pua juu ya boneti. Tangu siku hiyo simu haipumui. "Kaka, umepigwa shilingi ngapi?" "Kaka, si inakula mafuta hiyo?" Ila swali lililorudi mara nyingi zaidi ni hili: "Bro, wameniambia nilipie na waranti. Nilipe au niache?"

Nimeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake niandike hapa mara moja. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo ukiwa kwenye kafe na dakika zinakatika, print ukasomee nyumbani. Mimi mwenyewe bado kidogo niingizwe mjini, na hela iliyotaka kwenda haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya bati.

ILIVYOANZA

Gari ni Forester XT ya mwaka 2004, turbo, namba D, gia otomatiki. Lilikuwa kwenye yadi moja (jina naliacha), bei milioni 14. Mimi ni mtu wa mshahara mdogo na kahawa kidogo ya shamba la marehemu baba kule Muleba. Hela hiyo niliikusanya miaka 6. Pembeni kulikuwa na milioni 1.6 nyingine, ya kuezekea nyumba yetu. Mke wangu alishaniambia mapema: "Baba Abela, gari nunua, umelitamani tangu nikujue. Ila hela ya bati usiiguse."

Jamaa wa yadi alipoona nimeshika ufunguo sitaki kuuachia, akaja na maneno laini. "Bosi, hii ni gari ya mbio, turbo hizi zina mambo yake. Kuna waranti ya mwaka mzima, milioni 1.6 tu. Injini ikifa, gia boksi ikifa, wewe unapiga simu, unalala usingizi."

Milioni 1.6! Kama vile alikuwa ameichungulia ile bahasha. Na mimi nikaanza kujishawishi: bati zinaweza kusubiri, injini ikifa je? Nikamwambia naomba nakala ya mkataba nikausome nyumbani. Hakufurahi, lakini alinipa. Kurasa 7, herufi za sisimizi.

KWANZA TUELEWANE: WARANTI ZIKO ZA AINA GANI?

Watu wanachanganya sana hapa.

1. Waranti ya kiwanda. Hii inakuja na gari jipya. Huko Japani gari jipya kwa kawaida hupewa miaka 3 au kilomita 60,000 kwa mambo ya jumla, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa vitu vizito kama injini na gia boksi. Forester ya 2004 ilishaimaliza hiyo kabla wengi wenu hapo kafe hamjaanza shule ya msingi.

2. Waranti ya muuzaji. Ni ahadi ya aliyekuuzia kwamba kikitokea kitu ndani ya muda fulani atatengeneza. Mara nyingi ni ya mdomo. Ya mdomo maana yake siku ya tatizo simu haipokelewi.

3. Waranti ya kuongeza. Ndiyo hii tunayoizungumza. Unailipia peke yake, juu ya bei ya gari. Mara nyingi anayeahidi kulipa siyo yadi bali kampuni nyingine kabisa, na yadi inapata chake kwa kukuuzia. Ndiyo maana jamaa anakuwa mtamu kuliko asali ya Biharamulo.

Na usichanganye na bima. Bima kubwa inakulinda ukigonga, ukigongwa, gari likiibiwa au kuungua. Haikulipii injini iliyochoka yenyewe. Vilevile ukaguzi wa TBS kwa magari yanayotoka nje siyo waranti. Unakuambia siku ile ya kukaguliwa gari lilionekana salama kwa viwango vyao. Hauahidi chochote kuhusu turbo yako ya mwaka kesho.

SASA NDANI YA KURASA 7

Usiku ule nilikaa na kalamu, mke wangu ananimulikia na simu maana umeme ulikatika. Haya ndiyo tuliyokuta:

- Kikomo cha malipo kwa mwaka mzima: milioni 3.
- Kila ukidai, unatoa mwenyewe 300,000 kwanza.
- Siku 30 za mwanzo hakuna kudai chochote.
- Inaisha baada ya miezi 12 AU kilomita 15,000, kitakachotangulia.
- Vitu visivyohusika: turbo, mikanda yote, gasketi, wota pampu, shokapu, bushi, koili, sensa, na "uchakavu wa kawaida".
- Sevisi kila kilomita 5,000 kwenye gereji iliyo kwenye orodha yao, na risiti zitunzwe. Ukiruka moja, mkataba umekufa.
- Matengenezo yanafanyika gereji yao, Dar es Salaam. Gharama ya kulifikisha gari huko ni ya mwenye gari.
- Gari lenye marekebisho yoyote yasiyo ya kiwandani halina waranti.

Soma tena hayo mawili ya mwisho. Kutoka Bukoba mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,400. Sawa, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025 na kivuko siyo kisingizio tena ukipita njia ya Mwanza, lakini gari lililokufa injini halivuki daraja lenyewe. Linapandishwa kwenye lori. Ukishalipa lori na ile 300,000 yako, bado nauli yako na siku za kazi ulizokosa.

Halafu hilo la marekebisho. Forester niliyoitaka ilikuwa na ekzosi kubwa iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza, ule muungurumo uliotufanya tugeuze shingo ndiyo huo. Pia ilikuwa na ile valvu inayopiga "pshhh" ukiachia mafuta. Vyote viwili si vya kiwandani. Yaani gari lilishatoka nje ya mkataba kabla sijalipa hata senti! Jamaa wa yadi alikuwa anaijua ekzosi ile vizuri, maana ndiyo aliyokuwa akiitumia kuvutia wateja kwa kuliungurumisha.

Hapa sisemi kila waranti ni wizi. Nasema huu mkataba kwa gari hili, kwa mtu anayekaa Kagera, ulikuwa karatasi tu.

TUPIGE HESABU, SI NGUMU

Chukua watu 10 wenye Forester kama yangu. Kila mmoja analipa 1.6, jumla milioni 16. Sasa mtu mmoja akipata uharibifu wa milioni 3, anatoa 300,000 yake, anabaki kulipiwa milioni 2.7. Gawanya 16 kwa 2.7, unapata karibu 6.

Maana yake nini? Ili sisi 10 turudishiwe hela yetu tu, bila faida, magari 6 kati ya 10 lazima yapate uharibifu mkubwa ndani ya mwaka mmoja, na uharibifu huo uwe wa kitu ambacho mkataba unakitambua. Kama ni turbo haihesabiki. Kama ni gasketi haihesabiki. Na uharibifu mdogo wa laki 5 unarudishiwa laki 2 tu, ukishaondoa ile 300,000.

Kama gari ni bovu kiasi kwamba 6 kati ya 10 yanakufa ndani ya mwaka, dawa yake siyo waranti. Dawa ni kutolinunua.

Huwezi kuijua namba kamili ya magari yanayokufa. Lakini anayeuza waranti ameshapiga hesabu zake kwa magari mengi, na hakuweka bei ili apate hasara. Hilo ni la kawaida, hata bima ndivyo ilivyo. Tofauti ni kwamba bima inakukinga na kitu ambacho usingeweza kukibeba kabisa. Kikomo cha milioni 3 hakikukingi na hilo. Ukitaka injini nzima na kuifunga, kikomo kinaweza kukuacha njiani.

SI BONGO TU

Msidhani haya ni mambo ya kwetu. Marekani biashara ya mikataba hii ni kubwa sana. Mwezi Julai 2024 kampuni ya CarShield pamoja na wenzake wanaoendesha mikataba hiyo walikubali kulipa dola milioni 10 baada ya tume ya biashara ya kule, FTC, kuwashutumu kwamba matangazo yao yaliwadanganya wateja. Matangazo yenye watu maarufu yalionyesha ukilipia unasahau matengenezo, kumbe wateja wengi waligundua gereji zao hazikubaliki au kilichoharibika hakihusiki. Kama Mmarekani mwenye gereji kila kona anakwama hivyo, wewe wa Nshamba utakuwaje?

KWA NINI HAYA MAGARI YANA TABU ZAKE

Injini ya Subaru silinda zake zimelala, mbili huku mbili kule. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu kwenye joto kali, na chakula chake ni oili ya injini. Oili ikipungua au ikichelewa kubadilishwa, turbo ndiyo inalia kwanza. Mkanda wa taiming nao hubadilishwa kwenye kilomita kama 100,000. Ukikatika ukiwa kwenye mwendo, valvu zinagonga pistoni na injini imeondoka. Halafu injini hizi za turbo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, kwa hiyo mafuta ya kwenye madumu usijaribu.

Umeona kitu hapo? Vinavyoua haya magari ni oili, joto na mkanda. Vyote vinazuilika kwa sevisi, na vyote waranti yangu ilikuwa imevitoa nje: ama "uchakavu", ama "mikanda", ama "mmiliki hakufanya sevisi".

NILICHOFANYA

Asubuhi nilikwenda kwa fundi mmoja mzee Hamugembe, anayejulikana kwa Subaru. Nikamwonyesha mkataba. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mwanangu, hiyo karatasi kafungie maandazi. Niletee gari nilione kabla hujatoa hela. Unipe 50,000 yangu."

Jamaa wa yadi alikataa kwanza, eti mafundi wa mtaani wanaharibu magari. Nikamwambia basi naondoka. Nikaondoka kweli. Nilifika barabarani simu ikaita.

Ukaguzi wenyewe ulikwenda hivi, na nyinyi mnaweza kuufuata:

1. Gari liwashwe likiwa la BARIDI. Ukifika ukalikuta la moto, limeshaandaliwa. Rudi kesho.
2. Tazama moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha huku maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi. Mweusi, mafuta yanazidi.
3. Injini ikipata moto, angalia chupa ya maji ya rejeta kama inatoa mapovu mfululizo. Kwa Subaru hiyo ni kengele.
4. Lipimwe kompresheni silinda zote nne na lisomwe makosa kwa mashine.
5. Lipande mlima. Sisi tulikwenda nalo Muhutwe tukapandisha Kamachumu. Ule mlima hausemi uongo. Gari linalotaka kuchemsha litachemsha pale, na gia inayoteleza utaihisi.
6. Karatasi. Linganisha kilomita za kwenye dashibodi na karatasi za Japani kama zipo, zile za mnada na cheti cha kusafirisha nje. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache tu.

Matokeo: injini nzuri, gia nzuri. Ila shokapu mbili za nyuma zimekufa, oili inavuja kwenye tapeti kava, na mkanda wa taiming hakuna anayejua ulibadilishwa lini. Nikarudi yadi na orodha hiyo mkononi. Tulivutana saa nzima, akashuka 900,000. Hiyo 900,000 yote niliirudisha kwenye gari wiki ile ile: mkanda, wota pampu, shokapu, tapeti kava, oili na plagi. Ikabaki nauli ya daladala.

Kwa 50,000 ya fundi nilipata 900,000 na nikajua ninanunua nini. Kwa 1.6 ya waranti ningeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nalo nalilipia.

SHERIA NAYO INASEMAJE?

Wengi hawajui hili. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti yanayohesabika kuwepo hata kama hayajaandikwa: mfanyabiashara wa bidhaa fulani anapokuuzia, bidhaa iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi uliyomweleza. Kuna pia Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumdanganya mlaji, na FCC ndiyo inayoisimamia. Lakini shika mambo mawili. Hiyo ya ubora inambana mfanyabiashara, siyo shemeji yako anayekuuzia gari lake binafsi. Na ukilikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha huwezi kuilalamikia baadaye. Kwa hiyo kagua vizuri, na ahadi za muuzaji ziandikwe kwenye karatasi ya mauziano zisainiwe.

Wanaovuka Mutukula kufuata magari Kampala nawaongezea moja: waulize waranti ya kule inavuka mpaka? Iandikwe. Mara nyingi ahadi inabaki upande wa pili, wewe unabaki na ushuru.

JE, KUNA ANAYEPASWA KUNUNUA?

Yupo. Kama mkataba una haya yote, nunua bila aibu:

- Unajua nani analipa, ana ofisi, na kama nyuma yake kuna kampuni ya bima umeiulizia TIRA ukaambiwa imesajiliwa.
- Kuna gereji yao unayoweza kufika, angalau Mwanza.
- Turbo, injini na gia boksi vimeandikwa kwa majina kwenye vinavyolipiwa.
- Kikomo cha malipo kinatosha kweli kununua na kufunga injini.
- Gari lako lilivyo leo, na ekzosi yake, limekubaliwa kwa maandishi.

Na kuna mtu mwingine: yule ambaye hela haikai mkononi hata wiki. Huyo anaweza kusema bora waranti mbovu kuliko kutokuwa na kitu. Namwelewa. Lakini hata yeye asome ukurasa wa vitu visivyohusika KABLA ya ule wa ahadi.

Kama yadi inakupa bure kama nyongeza, chukua. Ila usikubali iwe sababu ya kutoshusha bei.

NA ZILE BATI?

Tulikubaliana hivi na mke wangu. Ile milioni 1.6 iliwekwa kwenye akaunti yake, siyo yangu. Tukaiita waranti ya nyumbani. Masharti mawili tu: inatoka kwa ugonjwa wa gari pekee, siyo mafuta wala rimu za kung'aa, na fundi ampigie YEYE simu aeleze. Mwaka ukiisha, kilichobaki kinageuka bati.

Huu ni mwezi wa nne. Koili moja ilikufa nikiwa Kemondo usiku na mvua, na rejeta ikapasuka juu. Jumla 310,000. Kwenye ule mkataba koili ilikuwa imetajwa kabisa kuwa haihusiki. Rejeta wangeiita uchakavu, na hata wangeikubali, ile 300,000 ya kwanza ni yangu. Kwa hiyo ningelipa mwenyewe 310,000 ile ile, na 1.6 ingekuwa imeshakwenda. Sasa imebaki 1,290,000.

Sitawadanganya kwamba nalala kama mtoto. Kesho gia boksi ikikataa, akiba hiyo haitatosha na nyumba itasubiri mwaka mwingine. Hiyo hatari ipo, niliinunua pamoja na gari. Lakini ingekuwepo hata na ile karatasi, tena bila senti mkononi.

Mke wangu juzi tulipopita karibu na ile yadi alisema tu, "Ungurumisha kidogo, wasikie." Nikaungurumisha.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alishawahi kudai waranti ya gari used hapa kwetu na AKALIPWA? Tuwekee hapo chini: ulidai nini, ulisubiri siku ngapi, gari ulilipeleka wapi. Majina ya watu tusiweke, tuongelee mikataba. Na kama kuna fundi Subaru mzuri Muleba mjini, vijana wa huko wanamtafuta.